Kisumu hadi Mfangano: Panga Pesa Kabla ya Kupanga Picha

Wikendi ndefu ikikaribia, makundi ya WhatsApp huchangamka. Mtu anatupa picha ya kilima kilichozungukwa na maji, mwingine anauliza, "Hii ni Kenya kweli?", na ndani ya dakika 10 kuna orodha ya watu 8 walio "ndani kabisa". Siku ya kuchanga ikifika, wamebaki 5. Kama picha hiyo ni ya Mfangano, hapa Kaunti ya Homa Bay, basi makala hii ni ya hao 5.

Mfangano ni kisiwa, lakini ukiitazama kutoka Mbita utaona mlima uliosimama ndani ya ziwa. Kilele chake, Kwitutu, kiko karibu mita 1,694 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria lenyewe liko karibu mita 1,135. Yaani ukitoka ufuoni hadi juu unapanda zaidi ya mita 500 kwa miguu yako mwenyewe. Wengi hujiandaa kwa viatu na maji ya kunywa, wakasahau pesa. Huko ng'ambo hakuna benki kila kona, na ukiishiwa huwezi kusema "ngoja nitembee hadi stejini".

Njia ni mbili

Ya kwanza ni ya nchi kavu: Kisumu, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay mjini, kisha Mbita. Barabara ni ya lami na kuanzia Katito unaanza kuona ziwa upande wa kulia. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la volkeno ambalo wazee husimulia kwamba lilikuwa kijiji, kikazama baada ya watu kumfukuza bibi kizee aliyekuja kuomba hifadhi sherehe ikiendelea. Ukibahatika utakuta heroe wamejaa ukingoni. Simama hapo, unyooshe miguu.

Njia ya pili inapita Kisian kuelekea Bondo, unakata kushoto pale Ndori hadi Luanda K'Otieno, kisha unaingia kivuko na gari lako mpaka Mbita. Mimi naipenda hii zaidi, kwa sababu dereva naye anapumzika na kuona mandhari. Ubaya wake ni kwamba kivuko kina ratiba yake, na kikiondoka kimeondoka. Uliza saa na nauli siku moja kabla, usitegemee alichosema rafiki aliyekwenda Krismasi.

Njia yoyote utakayochagua, jaza mafuta Kisumu, Homa Bay au Mbita. Gari wengi huliacha Mbita, wanapanda mashua ya abiria hadi Sena au ufuo mwingine wa Mfangano, na kule wanatumia boda na miguu. Panda mashua asubuhi. Mchana upepo ukianza, ziwa hubadilika tabia, na hapo jaketi la kujiokoa si la kupigia picha: livae na ulifunge kabla nahodha hajawasha injini.

Sasa pesa

Anzeni na mfuko mmoja. Gaweni gharama mafungu mawili: zinazojulikana mapema (mafuta, kivuko au mashua, malazi) na zile za papo hapo (boda, chakula, mwongozaji, kiingilio). Fungu la kwanza lichangwe lote kabla ya safari. Tuseme, kwa mfano tu, kila mtu anahitaji shilingi 6,000 na zimebaki wiki 6. Hiyo ni 1,000 kwa wiki, mtu anaweza. Ukimwambia alete 6,000 Ijumaa jioni, ndiyo unasikia shangazi yake amelazwa.

Tarehe ya mwisho ya kuchanga iwe angalau wiki moja kabla ya kulipia chochote. Mweka hazina aandike kwenye kundi kila pesa inapoingia, jina na kiasi. Si kwamba hamuaminiani. Ni kwamba ujumbe wa simu unapotea haraka kati ya memes 40.

Halafu kuna jambo ambalo makundi mengi hayalifikirii: pesa zote kukaa kwenye simu moja. Simu ikidondoka ziwani wakati mwenyewe anapiga selfie, safari nzima imezama. Ikiisha chaji juu ya Kwitutu, ni yaleyale. Gaweni fungu la papo hapo kwa watu wawili, na kila mmoja abebe noti kidogo. Nambari ya siri haigawanywi hata hivyo. Kama unataka mwenzako alipe, mtumie pesa alipe mwenyewe.

Kuhusu kutoa pesa: fanya hivyo kabla ya kuvuka. Mawakala wako kisiwani, lakini wakala naye hutegemea floti na pesa taslimu alizonazo siku hiyo. Ukifika jioni, baada ya watu wengine kutoa zao, unaweza kuambiwa urudi kesho. Pia kumbuka ada ya kutoa huhesabiwa kwa viwango. Ndani ya kiwango kimoja, anayetoa kidogo na anayetoa zaidi hulipa ada ileile, kwa hivyo ukitoa vipande vidogo mara 5 unaweza kulipa mara 5 kitu ambacho ungelipia mara 1. Fungua jedwali la ada uone kiasi chako kinaangukia wapi. Na mwambie wakala akupe noti za 50, 100 na 200. Mwendeshaji wa boda asubuhi na mapema hana chenji ya 1,000, msimlaumu.

Mtandao nao una mambo yake. Menyu ya simu haihitaji intaneti, lakini inahitaji mnara, na katikati ya maji au nyuma ya kilima mnara unaweza kupotea. Ukilipa na ujumbe wa uthibitisho ukachelewa, usirudie kulipa hapo hapo. Angalia salio kwanza. Likiwa limepungua, malipo yameshatoka. Mwombe mpokeaji asubiri kidogo, au andika saa na kiasi mhakikishe mtandao ukirudi. Watu hulipa mara mbili kwa sababu ya aibu tu, ati wasionekane wakora mbele ya mwenye mashua.

Kabla ya kutuma amana ya malazi, piga simu na uongee na mtu. Uliza maswali ambayo mtu wa huko tu atajibu: mashua inatia nanga ufuo gani, kutoka hapo ni mwendo gani, nani atatupokea? Tapeli hupenda kuandika, na hupenda kuharakisha: "kuna kundi lingine linataka chumba hicho." Jina linapotokea kwenye skrini, lisome lote. Kama umeambiwa ni nyumba ya wageni na jina ni la mtu usiyemjua, sitisha, uliza. Na ikiwa ni nambari ya tili, jina la biashara ndilo linapaswa kuonekana.

Ukikosea nambari, ripoti kwa huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, na ujumbe wa muamala uwe mkononi. Kasi ni muhimu kwa sababu pesa ambazo mpokeaji hajazitumia ni rahisi zaidi kuzuiwa. Kwa upande mwingine, mtu akikupigia kwamba amekutumia pesa kimakosa na anaomba uzirudishe, angalia salio lako, si ujumbe. Kama kweli zimeingia, mwambie aombe marejesho kupitia kampuni. Usimtumie wewe.

Ukiwa kule

Tenga pesa za Makumbusho ya Amani ya Abasuba pale Ramba, yaliyoanzishwa na wanajamii wenyewe mwaka 2000. Hapo utasikia habari za Wasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao wengi wao leo huzungumza Dholuo, na utapata mwongozaji wa kukupeleka kwenye michoro ya miambani ya Kwitone na pango la Mawanga: miduara myekundu na myeupe iliyochorwa na wawindaji wa kale. Msipande bila mwongozaji ili kuokoa shilingi mia chache. Yeye ndiye anayejua njia, na pesa hiyo inabaki kijijini.

Wakati wa kurudi, mkiwa na nusu siku, pitieni Rusinga, iliyounganishwa na Mbita kwa daraja. Kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969, liko huko, na ni kisiwa hichohicho ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Wanaotaka kuona korongo wa Ruma walipie kiingilio cha mbuga mapema kupitia eCitizen, wakiwa bado mahali penye mtandao mzuri, na wahifadhi risiti kama picha kwenye simu. Nauli ya mashua ya kurudi Mbita itengeni tangu siku ya kwanza, taslimu, mfukoni kwa yule mwenzenu asiyependa kununua vitu.