Je, Wajua? Sarafu za Makabaila wa Ufaransa

Je, wajua kwamba Richard Moyo wa Simba, mfalme wa Uingereza kuanzia 1189 hadi 1199, hakuweka jina lake kwenye sarafu za Uingereza? Zilizofuliwa huko ziliendelea kuandikwa Henricus, jina la baba yake. Anayelitaka jina la Richard mwenyewe atafute sarafu zake za Aquitaine na Poitou, Ufaransa.

Je, wajua kwamba huko Ufaransa si makabaila tu, bali hata maaskofu na abasia walifua sarafu zao? Iliyoenea zaidi ni denier, nyembamba, yenye uzito wa gramu moja hivi, ya fedha iliyochanganywa na shaba. 240 zilitimiza pauni moja ya hesabu.

Je, wajua kwamba marehemu walidumu sokoni kwa karne nzima na zaidi? Mfalme Charles Mpara alifariki 877, lakini Melle, mji wa machimbo ya fedha, uliendelea kutoa sarafu zenye jina la Charles hadi karne ya 12. Le Mans nako jina la mtawala Herbert, wa karne ya 11, lilifika karne ya 13. Mfanyabiashara aliiamini sura aliyoizoea. Sura mpya ilimtia shaka kwamba fedha imepunguzwa. Kwa kuwa sarafu hizi hazina mwaka, mkusanyaji hupima uzito na kuchunguza umbo la kila herufi. Hapo ndipo utamu wa kukusanya ulipo! Vitabu vitatu vya Faustin Poey d'Avant kuhusu sarafu hizi, vya 1858 hadi 1862, bado vinafunguliwa.

Je, wajua kwamba sarafu ya mji wa Provins, Ufaransa, yenye picha ya kitana, iliigwa na Seneti ya Roma ya zama za kati?

Je, wajua kwamba mwaka 2017 katika abasia ya Cluny, Ufaransa, zilifukuliwa denier na nusu-denier zaidi ya 2,200, pamoja na dinari 21 za dhahabu za Waislamu?

Na je, wajua kwamba mwaka 1266 Papa Clement IV alimkaripia askofu wa Maguelone, kusini mwa Ufaransa, kwa barua, kwa sababu jimboni mwake zilifuliwa sarafu zenye jina la Mtume Muhammad? Ziliiga dirhamu za mraba za Almohad, watawala Waislamu, kwa ajili ya biashara na Afrika Kaskazini. Hadi leo wajuzi huzikazia macho kwa lenzi, wakitafuta ipi ilitoka kwa Waislamu na ipi kwa Wakristo.