Duara la Zen: Kweli, Uzushi na Nusu Kweli

Duara jeusi lililochorwa kwa burashi, upande mmoja nene, upande mwingine limechakaa kana kwamba wino ulikuwa unaisha. Siku hizi liko kwenye fulana, kwenye chale za mikono, kwenye kuta za vyumba vya yoga. Wajapani huliita enso, nalo ni la watawa wa Zen, moja ya madhehebu ya Kibudha. Kadiri linavyosambaa ndivyo linavyotiwa chumvi, kwa hiyo tuyapepete yanayosemwa.

Enso ilianzia Japani.
Si kweli. Asili yake ni China, enzi ya ufalme wa Tang. Mapokeo ya Zen humtaja Nanyang Huizhong, mtawa aliyekuwa mwalimu wa wafalme na kufariki mwaka 775, kuwa ndiye aliyeanza kufundisha kwa maduara. Karne moja baadaye Yangshan Huiji aliyatumia mno hata yakawa kama alama ya shule yake.

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayetaka kuielewa enso angepaswa kuanza nacho. Watawa watatu, Nanquan, Guizong na Magu, walifunga safari kwenda kumwamkia huyo Huizhong. Katikati ya njia Nanquan akainama, akachora duara ardhini, akawaambia wenzake kwamba wakiweza kusema neno la maana juu yake, safari itaendelea. Guizong akaenda kuketi ndani ya duara. Magu akapiga goti kwa heshima kama wafanyavyo wanawake. Nanquan akasema, basi hatwendi.

Angalia hapo: hakuna wino, hakuna karatasi, hakuna anayetafuta utulivu. Kuna vumbi, na kuna mtu anayetegewa. Duara lile lilikuwa kama kitendawili: aliyetegewa hakai kuisifu sauti ya mtegaji, anatakiwa atoe jibu. Mimi nadhani makosa mengi juu ya enso huanzia hapa, pale tunapoigeuza kuwa pambo na kusahau kwamba ilikuwa sehemu ya mazungumzo kati ya watu.

Duara likiwa kamilifu, mchoraji ameamka kiroho.
Si kweli. Hii ni fikra ya Giotto, si ya Zen. Mwaka 1550 mwandishi Giorgio Vasari aliandika kwamba mjumbe wa Papa alipomwomba Giotto kielelezo cha kazi yake, mchoraji huyo wa Italia alichora duara kamilifu kwa mkono tu, na likatosha. Pale kilichopimwa ni ustadi wa mkono. Torei Enji (1721–1792), mmoja wa waliosifika zaidi kwa enso huko Japani, alichora maduara mazito ambayo mwalimu wa hesabu angeyatia alama ya kosa.

Ni kweli kwamba Wajapani wengi huamini mwandiko wa burashi humfichua mwandishi. Lakini kuamini hivyo si sawa na kusema kuna mtihani wa duara ambao mtu hufaulu au kufeli.

Ni lazima liachwe na mwanya.
Si kweli. Yapo yaliyofungwa na yapo yaliyo wazi, hata ya mchoraji mmoja.

Huchorwa kwa mpigo mmoja na halirekebishwi.
Kweli, kwa sehemu kubwa. Wapo waliotumia mipigo miwili, lakini kutorekebisha ni jambo la vifaa kabla halijawa la kiroho. Wino wenyewe ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, yakakaushwa kuwa kipande kigumu. Mchoraji hukisugua kwenye jiwe lenye maji kidogo mpaka apate uzito anaoutaka. Karatasi nayo hunywa wino papo hapo. Ukisitasita, doa linatanuka. Ukienda mbio, nywele za burashi zinaachana na mstari unabaki na michirizi myeupe. Ukipita juu mara ya pili, kila mtu ataona umepita mara ya pili. Ndiyo maana mtazamaji makini anaweza kusoma duara zima: mkono ulipotua, ulipoharakisha, wino ulipokauka. Na masizi hayapauki, hivyo kosa la mwaka 1760 lipo mpaka leo.

Watawa huchora enso kila siku ili watulie.
Huu zaidi ni uzushi. Katika nyumba za watawa wa Zen shughuli kuu ni kuketi kimya, kufanya kazi za mikono, kusoma sala na kukutana na mwalimu. Burashi ilikuwa hasa ya walimu, mara nyingi wazee. Michoro mingi ya Hakuin Ekaku (1686–1769) ni ya baada ya miaka sitini, na mingi aliigawa kwa watu wa kawaida waliomjia. Sengai Gibon (1750–1837), wa hekalu la Shofukuji huko Hakata, aliandamwa na waombaji wa michoro mpaka akatangaza kwamba ameiaga burashi. Hawakukoma.

Kuchora duara kila asubuhi ni desturi ya juzijuzi, na sioni ubaya wake. Kazuaki Tanahashi, msanii mzaliwa wa Japani anayeishi Marekani, huchora maduara makubwa ya rangi nyingi ambayo Hakuin asingeyatambua, na sanaa haijafa kwa hilo. Ila tusiseme ndivyo watawa wa kale walivyoishi.

Zentangle ni tawi la enso.
Si kweli. Ni mtindo wa kuchora michoro ya kujirudiarudia uliobuniwa Marekani na Rick Roberts na Maria Thomas, na jina lake ni alama ya biashara.

Maana ya enso ni utupu.
Nusu kweli. Katika mfululizo wa Zen wa picha kumi za mchungaji na ng'ombe, zinazohusishwa na mtawa Kuoan wa karne ya 12, picha ya nane ni duara tupu: ng'ombe hayupo, mchungaji hayupo. Wengi huishia hapo na kuguna kwa heshima. Lakini zimebaki mbili. Ya tisa ina maji na maua, na ya kumi ina mtu mwenye kitambi anayeingia sokoni kuchangamana na watu. Huo utupu ulikuwa kituo cha kupitia.

Sengai alikwenda mbali zaidi. Kando ya duara lake moja aliandika maneno ya kumkaribisha mtazamaji alile, kisha ashushie na chai. Aliyejiandaa kuona siri ya ulimwengu akaambiwa hiki ni kitafunwa.

Maandishi kama hayo ndiyo yanayoamua duara lisomweje, na ndiyo yanayokatwa kwanza wanapochapisha picha za kuuza. Ukikutana na enso dukani, muulize muuzaji kama la asili lilikuwa na maandishi na yalisema nini. Kama yalikuwapo na yamekatwa, unauziwa nusu ya kazi.