Cheti cha Bima Kiko Wapi?

Tarehe 8 Mei 2003 ndege kubwa ya mizigo, aina ya Ilyushin 76, iliondoka Kinshasa kuja kwetu Lubumbashi. Ndani yake walikuwamo askari pamoja na wake zao na watoto. Walipokuwa angani mlango wa nyuma ulifunguka, watu wakavutwa nje. Rubani aliirudisha ndege Kinshasa. Hesabu ya waliopotea haikupata kukubaliwa na wote: wengine walitaja watu wachache, wengine zaidi ya mia. Pale ambapo hata hesabu ya abiria haijulikani, mjane atadai fidia kwa karatasi gani?

Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha yake ya kwanza ya mashirika ya ndege yaliyokatazwa, na ya Kongo yalikuwamo. Tarehe 31 Desemba 2010 ikatoka sheria mpya ya usafiri wa anga. Hata hivyo ndege za abiria zilianguka tena, Kisangani Julai 2011, Goma Machi 2013. Sheria peke yake haikagui injini. Wahitajiwa wakaguzi wenye ujuzi na mshahara, wasioogopa kumwambia tajiri, “Ndege hii hairuki leo.”

Mwaka 2014 nchi yetu iliingia katika Mapatano ya Montreal ya 1999. Kwayo, abiria wa safari ya nchi hadi nchi akifa katika ajali ya ndege, shirika hulipa hadi kipimo kilichowekwa bila jamaa kuthibitisha kosa. Na kila serikali yapaswa kuyadai mashirika yake bima ya kutosha. Lakini aendaye Kinshasa yu chini ya sheria ya nyumbani.

Sasa mfikirieni mgonjwa apelekwaye Johannesburg. Wengi huchanganya mambo mawili: bima ya ndege hulipa ajali ikitokea, haimlipii mgonjwa safari. Nauli hiyo, mara nyingi, hudaiwa kabla ndege haijaruka. Huko Nairobi Madaktari Warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa 1957, hupokea wanachama kwa ada ya mwaka. Kwetu mfanyakazi wa mgodi mkubwa huenda akalipiwa na mwajiri. Mama auzaye mboga soko la Kenya atalipiwa na nani?

Twashauriwa kuuliza cheti kabla ya kupanda. Ni shauri jema, lakini mtoto akiwa amezimia juu ya machela pale Luano, hakuna mzazi atakayesoma karatasi. Serikali ndiyo iisome, mapema, na kuibandika ukutani.