Dawa mbili, jina moja: moja inatuliza utumbo, nyingine inauumiza



Juma hili tunaanza na mama mwenzetu wa kikundi, anayeuza maharagwe sokoni. Kwa miezi mingi alikuwa anapata choo chenye damu. Kila mara aliambiwa ni amiba, akameza metronidazole, akapata nafuu siku chache, damu ikarudi. Mwishowe wanganga walimtazama utumbo kwa kamera, wakakuta vidonda vya utumbo mkubwa. Ugonjwa huo wanauandika RCH kwenye karatasi zao. Akapewa sulfasalazine, na damu ikakoma.

Kisha mgongo ukamuuma kwa kubeba mizigo. Muuza dawa wa njiani akampa diclofenac. "Ni antiinflamatwari," alimwambia, "sawa na ile unayomeza." Baada ya siku chache damu ilirudi, tena nyingi kuliko kwanza. Alipotusimulia tulitazamana tu, maana wengi wetu tunatembea na diclo ndani ya mikoba.

Si dawa moja

RCH haiambukizi, wala si uchawi. Kinga ya mwili yenyewe inashambulia ngozi ya ndani ya utumbo mkubwa, inavimba na kutoka damu. Ugonjwa unatulia, kisha unaweza kuamka tena, ndiyo maana dawa huendelea hata mtu akijisikia mzima.

Sulfasalazine ikifika katika utumbo mkubwa, vijidudu vya humo huivunja na kutoa mesalazine, ambayo inatuliza uvimbe palepale. Mwanamke ndiye aliyeongoza kazi ya kuitengeneza, miaka zaidi ya 80 iliyopita: Daktari Nanna Svartz wa Uswidi. Aliikusudia kwa wagonjwa wa viungo, akaona hata wenye vidonda vya utumbo wanapona. Leo iko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima.

Diclofenac, ibuprofen, indometacin na aspirini ni ukoo mwingine. Zinapunguza maumivu, lakini pia zinazuia vitu ambavyo mwili hutumia kulinda ngozi ya tumbo na utumbo. Kwa mwenye RCH zinaweza kuamsha ugonjwa uliolala. Akiumwa kichwa au mgongo, paracetamol ni salama zaidi: kwa mtu mzima, si zaidi ya vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24.

Choo kipimwe kwanza

Hapa Bunia amiba ipo kweli, na minyoo pia. Kila choo chenye damu kipimwe labo kabla ya dawa yoyote. Wagonjwa wengine wa RCH hupewa pia prednisolone. Hiyo ikimezwa wakati amiba iko ndani, utumbo unaweza kutoboka, na mtu kufa. Basi tusiinunue bila munganga. Na aliyeimeza majuma mengi asiikate ghafla. Munganga ndiye anaipunguza kidogo kidogo.

Namna ya kuimeza sulfasalazine

- Imezwe baada ya chakula, na maji mengi.
- Kidonge chenye ganda kimezwe kizima. Tusikitafune wala kukiponda.
- Mkojo ukiwa rangi ya chungwa, tusiogope. Ni rangi ya dawa.
- Aliyewahi kuvimba au kutoka upele kwa Bactrim au aspirini amwambie munganga mbele ya kuanza.
- Damu, ini na figo vipimwe mara kwa mara, zaidi katika miezi ya kwanza.
- Baba akiimeza, mbegu zake zinaweza kupungua. Zinarudi akiiacha. Tusikimbilie kumlaumu mama kwamba hazai.

Mwenye mimba

Wengi wetu tukijua tuna mimba, tunatupa kila dawa. Kwa ugonjwa huu hilo ni hatari, kwa sababu utumbo ukiwaka, mtoto anaweza kuzaliwa mbele ya wakati. Mara nyingi sulfasalazine inaendelea, pamoja na asidi foliki, kwa maana dawa hii inapunguza foliki mwilini. Anayenyonyesha aulize munganga, na aangalie kama mtoto anaharisha.

Tukimbie hospitali

Homa, koo kuuma, vidonda mdomoni, upele au macho ya manjano: tuache sulfasalazine na twende siku hiyohiyo. Vilevile choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa au moyo kwenda mbio. Hapo tusingoje kesho.

Mfuko wa kukimbia

Sisi wa Ituri tunajua maana ya kutoka nyumbani usiku. Mwenye RCH aweke katika mfuko wa kukimbia dawa za majuma kadhaa, karatasi ya munganga, na kipande cha boksi chenye jina la dawa. Akifika kambini au kwa ndugu, muuguzi atasoma, hatakisia.

Mama yetu wa maharagwe amerudi sokoni. Sasa, akipewa kidonge, anauliza jina lake kwanza, wala hakubali jibu la "antiinflamatwari" tu. Tuulize kama yeye. Na katika mkutano ujao, kila mmoja alete dawa zilizo ndani ya mkoba wake, tusome majina pamoja.