Majitaka ya Miji ya Ziwa Viktoria: Tulipie Kipi Kwanza?

Kwa mkazi wa Kisumu, Mwanza au Kampala, maji machafu yanayotoka nyumbani na maji safi yanayoingia ni ya ziwa moja. Kisumu huvuta maji Dunga, kwenye Ghuba ya Winam, na mtambo wake mkongwe wa majitaka wa Kisat humwaga kuelekea ghuba hiyo hiyo. Mwanza huvuta Capri Point, na mabwawa yake ya majitaka yako Butuja, Ilemela. Kampala imevuta maji Ggaba kwa miongo mingi, huku mfereji wa Nakivubo ukiteremsha uchafu wa jiji hadi ghuba ile ile ya Murchison. Ndiyo maana mamlaka ya maji inapotangaza kwamba mtambo wa majitaka utaboreshwa na bei ya uniti itapanda, mlipa bili ana haki ya kuuliza anavyouliza mnunuzi yeyote: napewa nini, kwa bei gani, na sokoni kuna nini kingine?

Kinachouzwa hapa ni uondoaji wa naitrojeni na fosforasi. Mtambo wa kawaida hujengwa kupambana na uvundo na vitu vinavyooza, na kazi hiyo unaweza kuifanya vizuri sana. Lakini maji yanaweza kutoka meupe na bado yakawa mbolea. Ghuba ikishapokea mbolea hiyo siku baada ya siku, mwani huota, baadhi yake wenye sumu, na gugumaji hunenepa. Kisha mwani ule unafika kwenye bomba la kuvutia maji ya kunywa. Hapo mamlaka hununua shabu zaidi ya kuugandisha na husafisha vichujio mara kwa mara, na gharama hizo zinaingia kwenye bei ya maji safi. Asiyelipa kwenye majitaka analipa kwenye bomba la jikoni.

Mnunuzi asidanganywe pia kwa upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu Ziwa Viktoria ulikadiria kwamba takriban asilimia 90 ya fosforasi na asilimia 94 ya naitrojeni huingia ziwani kutoka angani, pamoja na mvua na vumbi, na kutoka ardhini, pamoja na mmomonyoko wa mashamba. Mtambo wa jiji hautaliponya ziwa zima, na anayetuahidi hivyo anatuuzia kisichokuwemo. Kinachoweza kuokolewa ni ghuba ya mji wenyewe, ambamo maji hubadilika polepole na uchafu wa mjini ndio unaotawala. Kwa bahati nzuri, hiyo ndiyo ghuba tunayoinywa na kuivua.

Sasa bei. Takwimu zinazotufaa zaidi sisi wa nchi za joto ni zile walizokusanya Marcos von Sperling na Carlos Chernicharo nchini Brazili na kuzichapisha mwaka 2005. Dola ya leo si ya wakati ule, kwa hiyo tazama uwiano kuliko kiasi. Mfululizo kamili wa mabwawa ulikadiriwa kugharimu dola 20 hadi 40 kwa kila mtu kuujenga, na dola 1 hadi 2 kwa mtu kwa mwaka kuuendesha. Mtambo wa tope hai, yaani matangi ambamo bakteria hupulizwa hewa kwa mashine, ulikuwa dola 40 hadi 65 kujenga na dola 4 hadi 8 kuendesha. Mtambo huo ukiongezewa uwezo wa kuondoa naitrojeni na fosforasi kwa kutumia bakteria, ujenzi ulifika dola 50 hadi 75 na uendeshaji dola 6 hadi 10.

Angalia mahali pengo lilipo. Kutoka mtambo wa kawaida kwenda ule wa kuondoa virutubisho, ujenzi unaongezeka dola 10 hivi kwa mtu. Kutoka mabwawa kwenda mtambo huo, uendeshaji unaongezeka mara tano au sita. Familia ya watu watano ingechangia dola 5 hadi 10 kwa mwaka kuendesha mabwawa, na dola 30 hadi 50 kuendesha mtambo kamili. Hili ndilo jambo linalonisumbua kila nikisikia mradi mpya ukisifiwa kwa ukubwa wa msaada uliopatikana. Mkopo na msaada hununua zege na pampu. Umeme, dawa na mafundi hulipwa na mwenye mita, kila mwezi, kwa miaka 30. Mtambo wa gharama usiowashwa mapulizo yake kwa sababu ya deni la umeme unasafisha vibaya kuliko bwawa la kawaida lililotunzwa.

Mabwawa basi yana hoja nzito, ila bei yake halisi ni ardhi. Hesabu mita 3 hadi 5 za mraba kwa kila mtu aliyeungwa. Mji wenye watu 50,000 kwenye mtandao unahitaji hekta 15 hadi 25. Pembezoni mwa mji ardhi hiyo inapatikana leo na haipatikani miaka kumi ijayo. Uwezo wa mabwawa wa kuondoa naitrojeni na fosforasi ni nusu hivi, tena yakiwa yanazolewa tope kwa wakati. Hapo ndipo mamlaka nyingi hulegea, kwa kuwa bwawa lililojaa tope halipigi kelele kama pampu iliyoharibika.

Kampala inatupa somo la gharama ambalo miji mingine ya ziwani ingelisoma kwa makini. Kati ya mtambo wa majitaka wa Bugolobi na ziwa kuna bonde la mafunjo la Nakivubo, ambalo kwa miaka mingi lilichuja majitaka ya jiji bila kumtumia mtu bili. Mwaka 1999 watafiti walilikadiria bonde hilo kwa fedha: huduma yake ya kusafisha maji ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Kulitunza kungegharimu dola 235,000 hivi kwa mwaka, wakati mtambo wa kufanya kazi hiyo hiyo ungehitaji dola milioni 2 hivi kwa mwaka. Ni nadra mnunuzi kuwekewa mbele yake tofauti iliyo wazi kiasi hicho.

Hata hivyo bonde liliendelea kumegwa kwa magimbi, nyumba na viwanda, na mifereji iliyochimbwa ikayapitisha maji haraka bila kukaa kwenye mizizi. Maji ya ghuba yakazidi kuharibika. Uganda ikalazimika kulipia mambo mawili: mtambo mpya wa majitaka pale Bugolobi wenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, na chanzo kipya cha maji ya kunywa huko Katosi, wilaya ya Mukono, mbali na ghuba iliyochafuka, chenye uwezo wa mita za ujazo 160,000 kwa siku. Katosi ilihitajika pia kwa sababu jiji limekua, hilo ni kweli. Lakini kuyafuata maji umbali ule, na kuyasukuma kwa pampu hadi kwenye vilima vya jiji, ni gharama inayoonesha bei ya kuacha ghuba ya karibu iharibike.

Mafunjo yenyewe yana sharti. Mmea hunyonya virutubisho unapokua na kuvirudisha unapooza. Asiyevuna hajaondoa fosforasi. Ameikopesha bonde kwa muda. Kwa hiyo ukiambiwa mradi una ardhioevu ya kutengenezwa, uliza nani atavuna, mara ngapi, na mavuno yataenda wapi.

Kwa miji ambayo tayari ina matangi ya tope hai, kuna chaguo ambalo halitangazwi sana kwa sababu halina mkandarasi mkubwa nyuma yake. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti hutumia takriban kilo 4.6 za oksijeni kwa kila kilo ya naitrojeni. Hewa ikizimwa kwa muda uliopangwa, bakteria wengine huitumia naitreti hiyo badala ya oksijeni na kuirusha angani kama gesi ya naitrojeni isiyodhuru. Hatua hiyo ya pili hurejesha karibu kilo 2.9 za oksijeni iliyotumika. Kwa maneno ya bili: mtambo unaoondoa naitrojeni yote kwa mpangilio mzuri wa kuwasha na kuzima unaweza kutumia umeme pungufu kuliko ule unaopuliza hewa mchana kutwa na kuiacha naitreti imwagike. Katika jimbo la Montana, Marekani, waendeshaji wa mitambo midogo walifundishwa njia hii na wakapunguza naitrojeni kwa vifaa walivyokuwa navyo. Kinachonunuliwa ni saa ya kuwashia na kuzimia, vipimo vya oksijeni na amonia, na mafunzo ya watu wanaokesha pale. Joto letu nalo linasaidia, maana bakteria wa amonia hukua haraka zaidi kwenye maji ya nyuzi 25 kuliko kwenye baridi. Ningeanza hapo kabla ya kusaini mkopo wowote.

Fosforasi ni mkaidi zaidi, kwa sababu haina gesi ya kutorokea angani. Lazima itoke na tope. Bakteria maalumu wanaweza kuihifadhi mwilini, lakini katika maji yanayozidi nyuzi 25 hushindana kwa chakula na wenzao wasioihifadhi, kwa hiyo njia hiyo inataka uangalizi wa karibu. Njia ya uhakika ni shabu au chumvi za chuma. Kinadharia kila kilo ya fosforasi inahitaji kilo karibu 10 za shabu, na kwa vitendo 15 hadi 20. Chukua ule mji wa watu 50,000, na kila mtu atoe gramu moja ya fosforasi kwa siku: ni kilo 50. Sehemu itazama na tope la mwanzo, lakini ukitaka kuigandisha yote utahitaji kilo 750 za shabu au zaidi kila siku ya Mungu, pamoja na lori la kubeba tope lililoongezeka. Shabu haihitaji jengo kubwa, inaanza kufanya kazi wiki ile ile, na inaweza kusimama wiki ile ile fedha ikikwama. Mimi ningeikubali kwa mtambo unaomwaga karibu kabisa na chanzo cha maji ya kunywa, na kwa sharti kwamba fedha ya dawa imetengwa mahali isipoguswa.

Ipo fosforasi ya kuizuia dukani pia. Umoja wa Ulaya uliibana kwenye sabuni za kufulia kuanzia 2013 na za mashine za kuoshea vyombo kuanzia 2017. Kilo isiyoingia kwenye bomba haihitaji shabu. Kanuni ya namna hiyo kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ingemgharimu mlipa bili kidogo kuliko chochote nilichokitaja hapa.

Halafu kuna wengi ambao hawamo kwenye mtandao kabisa, wenye vyoo vya shimo na gari la kunyonya linaloitwa pale shimo linapojaa. Mtambo wa kisasa hauwasaidii mpaka uwe na mahali pa kupokea magari hayo kwa ada nafuu. Ada ikiwa kubwa, dereva anamwaga mtoni usiku. Katika mji ambamo waliounganishwa ni wachache, shilingi ya kwanza ningeiweka kwenye kituo cha kupokelea tope la vyoo kabla ya kulipia kuondoa miligramu za mwisho za virutubisho kwa waliokwisha kuungwa.

Kuhusu namna ya kulipa, mfano ninaouamini ni wa Maryland, jimbo la Marekani lililo kwenye Ghuba ya Chesapeake. Mwaka 2004 lilipitisha tozo ya dola 2.50 kwa mwezi kwa kila nyumba, na mwaka 2012 ikapandishwa hadi dola 5 kwa nyumba nyingi. Fedha zilikuwa na mfuko wake, na kazi ilitajwa kwa jina: mitambo mikubwa 67, kila mmoja ushushe naitrojeni hadi miligramu 3 kwa lita na fosforasi hadi 0.3. Kiasi hicho cha fedha hatukiwezi, na kiwango hicho cha usafi hatukihitaji kwa kuanzia, kwa kuwa miligramu za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Tunachoweza kukichukua ni ule uwazi: tozo yenye jina, mfuko wake, na nambari ya kufikia.

Nchini Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha mikutano ya wazi kabla ya kupandisha bei za maji, na nchini Kenya sheria inataka wananchi wasikilizwe. Ukienda, acha kwanza picha za mtambo. Omba karatasi inayoonesha kilo za naitrojeni na fosforasi zinazoingia na zinazotoka kwa siku, umeme na dawa zitakazotumika kwa mwezi, na nani atalipa mwaka wa sita, mfadhili akishaondoka. Kisha gawanya gharama ya mwaka kwa kilo zitakazoondolewa, na uombe hesabu hiyo hiyo kwa mabwawa, kwa ratiba mpya ya hewa na kwa kituo cha tope la vyoo.