Kadi ya mfukoni ya watengeneza programu, somo kwa mkulima wa Masoko

MKULIMA wa Masoko, wilayani Rungwe, aliyesimama kando ya miparachichi yake na bomba la dawa mgongoni, hana nafasi ya kufungua kitabu cha kurasa 80. Anatafuta namba moja tu: dawa kiasi gani iingie kwenye bomba hili.

Akizidisha, anatupa fedha, anaweza kuunguza majani na mabaki ya dawa yanaweza kulifanya tunda likataliwe na mnunuzi wa nje. Akipunguza, mdudu hafi na gharama ya dawa imekwenda bure.

Tatizo hili watengeneza programu za kompyuta walikutana nalo zamani. Kwao namba moja ikikosewa, mashine husimama au kumbukumbu za wateja hupotea. Njia waliyoitumia inafaa kuigwa na vikundi vya wakulima na wenye maduka ya pembejeo.

Kadi ya kijani

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta za System/360. Vitabu vyake vilikuwa vinene, lakini mtengeneza programu akiwa kazini alibeba kadi ya kijani iliyokunjwa, ya kutosha mfuko wa shati. Ndani yake zilipangwa amri za mashine na namba zake. Kadi hiyo ilimkumbusha mtu aliyekwishajifunza kazi; kufundisha kuliachiwa vitabu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Huchukua kijitabu, wakapunguza sentensi, wakadhani wamepata mwongozo mfupi. Mwandishi mzuri huanza kwa kumtazama mtu akifanya kazi na kuandika kila mahali anaposimama kuuliza. Majibu ya maswali hayo ndiyo mwongozo, na hupangwa kwa kufuata hatua za kazi.

Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell, Marekani, walitoa mwongozo wa mfumo wa Unix. Maelezo ya kila amri yalipangwa chini ya vichwa vilevile: jina, namna ya kuiandika, kazi yake, kasoro zake na mwenye kuisimamia. Aliyezoea ukurasa mmoja alijua pa kutazama katika kurasa nyingine zote.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kasoro hazikufichwa. Mwongozo unaotaja udhaifu wake huaminika kuliko unaosifu tu.

Neno moja kwa kitu kimoja

Hapa Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kazi kama hiyo haiwezekani bila kukubaliana kwanza juu ya maneno, ili kitu kimoja kisiitwe majina mawili.

Shambani ni vivyo hivyo. Karatasi ikisema "kifuniko" mstari wa kwanza na "kipimo" mstari wa tatu, msomaji atadhani ni vitu viwili. Isitoshe, vifuniko vya chupa havilingani ukubwa. Kipimo kiandikwe kwa mililita.

Chukua mfano. Iwapo lebo inaagiza mililita 2 kwa kila lita ya maji, bomba la lita 15 linahitaji mililita 30 na la lita 20 linahitaji mililita 40. Kadi iandike majibu yote mawili. Mkulima asiachiwe kuzidisha hesabu huku mikono ina dawa.

Namna ya kuiandaa

Kikundi kinaweza kuandaa kadi yake kwa hatua hizi:

Kwanza, kadi moja iwe ya kazi moja. Kunyunyizia dawa kuwe na kadi yake, kuvuna parachichi kuwe na yake.

Pili, namba zitolewe kwenye lebo ya dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na bwana shamba azikague. Dawa ikibadilishwa, kadi ya zamani iondolewe.

Tatu, onyo liandikwe kabla ya hatua inayohusika. Kumwambia mtu avae glavu baada ya kuchanganya dawa ni kuchelewa. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna nazo zisikosekane.

Nne, chini ya kadi iwekwe tarehe na jina la anayewajibika kuirekebisha.

Tano, kadi ijaribiwe. Apewe kijana ambaye hakushiriki kuiandika, achanganye maji matupu, na walioiandika wanyamaze. Kila anapouliza swali, mstari huo uandikwe upya.

Mvua za Rungwe ni nyingi, hivyo karatasi ya kawaida haitamaliza msimu. Ifunikwe kwa plastiki kwenye duka la fotokopi na itundikwe inapohifadhiwa dawa, mbali na watoto.

Kwa mwenye duka la pembejeo, kadi kama hiyo ni biashara pia. Mteja aliyepimiwa vizuri na dawa ikafanya kazi hurudi msimu ujao. Aliyeunguza shamba humlaumu muuzaji, hata kama kosa lilikuwa la kipimo.

Kadi haichukui nafasi ya lebo wala ya bwana shamba. Lakini saa 12 asubuhi shambani, bwana shamba akiwa kijiji kingine, hiyo ndiyo itakayokuwa karibu na bomba.