Unaanza Albion Online ukiwa Kitale ama Bungoma? Cheki hizi kabla uoshwe zoni nyekundu

Kama juzi umepakua Albion Online juu wasee wa mtaa wanaibonga kila siku, tulia kwanza kabla ujirushe. Hii si ile gemu ya kufa halafu unaamka na vitu zako zote. Kuna sehemu ukiuliwa, aliyekuua anabeba kila kitu: upanga, viatu, kofia, hadi zile ngozi umechuna masaa matatu. Vingine vinaharibika hapo hapo, hakuna mtu anavipata. Bando imeisha, betri iko 4%, na umebaki vile ulizaliwa.

Hapo ndio wengi huachana nayo. Si ati hawajui kucheza, ni vile walitembea na mali ya mwezi mzima siku moja. Unakumbuka mono akiingia bording na sanduku limejaa shopping? Wiki ya kwanza haijaisha anaomba majani chai. Albion ni hivyo hivyo. Kwa hivyo hata kabla tufike kwa mambo ya leveli, shika hii: nguo na silaha za hii gemu si zawadi, ni stoki. Vaa tu kile unaweza kununua tena mara tano bila kuingia Fuliza ya silva. Msee mwenye seti tano za bei ya chini kwa benki ako mbele ya yule ana seti moja kali na benki tupu.

Gemu yenyewe ilitoka 2017 kwa kompyuta. Imetengenezwa na Sandbox Interactive, kampuni ya Berlin, Ujerumani. Mwaka wa 2019 ikawa ya bure, na Juni 2021 ikaingia kwa simu. Akaunti ni ile ile kila mahali, so unaweza anzia kwa saiba pale Bungoma mjini na umalizie kwa simu ukiwa nyumbani Kanduyi. Ukitumia mashine ya saiba toka kwa akaunti kabisa, na usikubali ile kitu ya kuhifadhi nywila. Anayekaa hicho kiti baada yako hajali umeng'ang'ana aje.

Sasa seva. Ziko tatu: Americas, Asia na Europe. Ukiwa huku kwetu enda Europe, ile ilifunguliwa Aprili 2024 na iko Amsterdam. Sababu ni pingi, yaani muda amri ya kidole chako inachukua kwenda na kurudi. Ukibonyeza kitufe ukiwa Kitale, ile amri inashuka hadi Mombasa, inaingia kebo ya chini ya bahari, inafika Ulaya, halafu jibu linarudi njia ndefu hivyo hivyo. Hakuna simu ya bei yoyote inafupisha hiyo safari. Na hizo kebo hukatika: Mei 2024 EASSy na Seacom zilipata shida pamoja, na Afrika Mashariki yote intaneti ikawa ya kubembeleza. Siku kama hiyo chuna ngozi karibu na mji, usiende kutafuta vita. Kitu ingine, mhusika wako hahami kutoka seva moja hadi ingine. Kama mbogi yenu ya Kimilili tayari imezama Americas, bongeni kwanza kabla uanze peke yako kwingine.

Tukuje kwa leveli. Wengi wakitoka gemu zingine wanauliza, "nichague mchawi ama askari?" Hapa huchagui. Unakuwa kile umevaa. Ukishika upinde wewe ni mpiga mishale, ukishika fimbo ya moto wewe ni mchawi, na kesho unaweza badilisha. Ukiua wanyama na majambazi wa gemu unapata pointi za sifa, zinaitwa fame, na zinaingia kwa kile ulikuwa umevaa wakati huo. Hapa ndio monos hupotea. Leo upinde, kesho shoka, keshokutwa fimbo, na wiki mbili baadaye hakuna kitu imepanda vizuri. Chagua silaha moja na nguo za kuenda nayo, ukae nazo.

Kuna hesabu ndogo hapa inafaa uielewe. Kila kifaa kina namba ya nguvu. Cha tia ya 4 huanza na 700, cha tia ya 5 ni 800, cha tia ya 6 ni 900. Lakini ukitumia silaha moja hadi ubingwa wake ufike leveli 100, unaongezewa kama 200. Hio ni sawa na kuruka tia mbili. Manake msee ameshika upinde wa tia ya 4 na ameuzoea anaweza kulingana na wewe na huo wako wa tia ya 6 ulinunua jana, na akikuua ndio anachukua wa bei. Ile ya kukimbilia tia kubwa ni sifa tu za kupiga picha. Pia angalia vifaa vyenye nukta: 4.1 ina nguvu kama tia ya 5 ya kawaida, na kuna siku sokoni inauzwa bei nafuu. Linganisha kwanza.

Kwa kupanda haraka ukiwa peke yako, ingia mapango ya mtu mmoja kwa zoni za buluu. Ukipata ile koti ya Mercenary, ivae, juu skili yake inakurudishia damu ukiendelea kupiga, so hutumii dawa nyingi. Mkiwa wawili watatu ni poa zaidi, kazi inaenda mbio.

Na silva? Kila mji una soko lake na bei zake, na benki ya mji mmoja haionekani mji mwingine. Mtu wa Chwele hahitaji kuelezewa hii, nyanya ya soko si bei ya nyanya ya Kitale. Kwa gemu, Martlock wanapata faida wakitengeneza ngozi, Fort Sterling mbao, Lymhurst nguo za nyuzi, Thetford chuma, Bridgewatch mawe. Kwa hivyo ngozi mbichi peleka Martlock uone bei yake kabla uitupe kwa mtu wa kwanza. Kodi ya kuuza ni 8% kama huna premium na 4% kama unayo. Premium si lazima utoe doo ya mfukoni. Inanunuliwa kwa dhahabu ya gemu, na dhahabu inanunuliwa kwa silva. Itachukua muda, lakini inawezekana.

Sasa zile rangi kwa ramani. Buluu hakuna mtu atakugusa. Njano unaweza kuangushwa, vitu vyako vichakae, lakini unabaki navyo. Nyekundu ndio kuoshwa kunaanza. Huko anayetaka kukuvamia lazima ajitangaze adui kwanza, jina lake linakuwa jekundu, na skrini inakuonyesha maadui wangapi wako kwa hiyo zoni. Hio namba iangalie kama vile makanga huangalia polisi mbele. Ikiruka kutoka 0 hadi 5 ghafla, hao wametoka kwa lango na wako pamoja, panda farasi. Nyeusi hakuna namba, hakuna kujitangaza, kila mtu ni adui. Mji wa Caerleon uko katikati na zoni nyekundu zimeuzunguka, na hiyo barabara ndio monos wenye ng'ombe wa kubeba mizigo hufia. Ng'ombe hubeba mingi lakini hakimbii. Ukienda huko mara ya kwanza enda mkono mtupu tu uone njia.

Ukiingia zoni mpya kuna kinga inakufunika sekunde kadhaa. Usitoke nayo mbio. Simama, angalia nani amekaa langoni, na kama sura ni mbaya rudi ulikotoka. Ukichuna ama ukikata miti, farasi asiachwe mbali, maanake kumpanda akiwa karibu ni haraka kuliko kumuita upya.

Vita vya wachezaji, ile wasee wanaita PvP, usianzie huko nje. Anza Arena, watano kwa watano, ukiuliwa hupotezi kitu. Hapo ndio unazoea kelele ya vitufe na watu kumi kwa skrini ndogo. Ukishazoea, jaribu yale mapango ya Corrupted kwa kiwango cha Hunter, mmoja kwa mmoja, unaangushwa tu. Halafu ndio uje nyekundu na seti ya tia ya 4.

Kwa vita yenyewe, kosa kubwa ni kumwaga skili zote sekunde tatu za kwanza. Zikiisha unabaki ukipiga ngumi za kawaida huku mwenzako ndio anaanza. Mguse kwanza uone ameshika nini, gemu inakuruhusu kuangalia nguo na silaha za mtu. Kila silaha ina ile skili yake kubwa moja. Mngoje aitoe, ikwepe ama weka ya kujikinga, na kabla yake ipoe wewe ndio unashuka naye. Skili ya viatu usiitumie kumkimbilia ukianza, iweke ya kutoka. Na juu pingi yetu haiwezi kuwa ya Ulaya, silaha za kulenga kwa nusu sekunde zitakusumbua. Fimbo za laana, zile zinamla mtu polepole hata ukikimbia, zinasamehe mtandao mbaya zaidi.

Ukianza kujulikana utatumiwa meseji za watu wanauza silva ama akaunti, "tuma tu M-Pesa nikupee." Hata akiwa mkweli, kununua silva nje ya gemu ni kinyume cha sheria zao na akaunti inafungwa. Akiwa mkora, na wengi ni wakora, pesa imeenda na silva hakuna. Anayetaka nywila yako "akupandishie leveli" pia ni yule yule.

Bora utafute gildi, ichukulie kama chama. Angalia kama wanacheza saa zenu, jioni baada ya kazi ama shule, na kama wanarudishia watu nguo wakifa kwa vita vya pamoja. Mkiwa watatu kutoka Kiminini, Webuye na Bungoma, piganeni simu ya WhatsApp mkiwa ndani. Mmoja atangulie zoni moja mbele, amevaa vitu vya bei ya chini kabisa, bila mzigo. Kazi yake ni kuangalia tu na kusema "iko poa" ama "rudini". Wenye mzigo wanangoja langoni hadi wasikie. Mkibadilishana hiyo kazi kila safari, hakuna mtu atalia ati yeye tu ndio hufa.